Msijifiche Nyuma ya Babu

Ndugu zangu wa Dodoma, nanyi wa Bahi, Manyoni, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa ambao karatasi hii itawafikia, nisikilizeni. Nimekuja na neno juu ya lehemu, mafuta ya damu ambayo wengi wenu mnayaita kolestro, na nimekuja nalo kwa uchungu kwa sababu tunazika mno. Tunazika akina baba wa miaka 40 na kitu waliokula chakula cha jioni wakiwa wazima, alfajiri hawakuamka. Tunazika akina mama waliopigwa kiharusi wakiwa sokoni, mkono bado umeshika mizani. Kisha tunakaa matangani tunaulizana nani alimwendea kwa mganga, alikorofishana na nani ofisini, nani alikuwa anakitaka kiwanja chake. Sijasikia bado matanga ambako mtu aliinuka akauliza: marehemu aliwahi kupimwa mafuta ya damu?

Ulizeni swali hilo wakati mtu yu hai. Jiulizeni leo.

Malaria hutetemesha. Jino huuma. Kidonda hutoa usaha mpaka jirani akaona. Lehemu ikizidi haikupi homa wala kichwa, haikukoseshi usingizi, haikupunguzii nguvu za shambani. Unaweza kubeba gunia la mahindi begani pale Kibaigwa, ukalipandisha kwenye lori na kurudi kuchukua jingine, ilhali mishipa ya moyo wako ilianza kuharibika miaka 20 iliyopita. Wapo wachache wanaotoka vijivimbe vya njano kwenye kope, au uvimbe mgumu kwenye kano za visigino. Hao ni wachache sana. Wengine wote hawaoni kitu. Basi mtu akisema “mimi najisikia vizuri tu,” amekupa habari za misuli yake na usingizi wake. Habari za damu yake hana, na hatazipata kwa kujisikiliza.

Mwaka 2012 nchi yetu ilifanya utafiti wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Katika kila watu 100, 26 walikutwa na lehemu iliyozidi. Robo nzima! Geuza macho kwenye benchi ulilokalia kanisani, kwenye safu uliyosimama msikitini, kwenye kiti cha nyuma cha daladala. Mmoja kati ya wanne, na wengi wao hawajui.

Sasa tuijue lehemu yenyewe, maana watu wanaiogopa bila kuifahamu, na hofu isiyo na maarifa ndiyo inayowapeleka kwa matapeli. Lehemu si sumu. Ini lako linaitengeneza lenyewe, na ndilo linalotoa sehemu kubwa ya lehemu uliyo nayo. Mwili unaitumia kujenga kuta za chembe zake, kutengeneza homoni, nyongo na vitamini D. Mtu asiye na lehemu kabisa hayupo. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, husafirishwa katika damu ndani ya vifurushi vidogo. Vifurushi vinavyoitwa LDL huipeleka mwilini; vile vya HDL huirudisha kwenye ini. Shida huanza LDL zinapokuwa nyingi kuliko zinavyohitajika na zikabaki zikizunguka. Hupenya kwenye ukuta wa mshipa na kukwama humo. Chembe za ulinzi huja kuzimeza, hushiba, hufa pale pale, na nyingine huja juu yake. Ndivyo ukoga unavyojengeka, mwaka baada ya mwaka, ukiwa bado shuleni, ukioa, ukijenga nyumba.

Wengi hudhani ukoga huziba mshipa polepole mpaka siku ya mwisho, hivyo wanangoja dalili za kuziba. Lakini mara nyingi hauendi hivyo. Ukoga wa hatari hukaa ndani ya ukuta wa mshipa kama jipu lililofunikwa na ngozi nyembamba. Siku ngozi ile inapopasuka, damu hukimbilia kuganda mahali pale, na bonge hilo likiziba mshipa wa moyo ni mshtuko wa moyo. Likiziba njia ya damu kwenda kwenye ubongo ni kiharusi. Ndiyo sababu jana alikuwa mzima. Alikuwa mzima kwelikweli, kwa kadiri alivyoweza kuhisi.

Najua mtakalonijibu. Kila ninapolisema jambo hili nyanda hizi hujibiwa lile lile: “Babu yangu alikula samli, akanywa maziwa, akatafuna nundu ya ng’ombe, na amekufa ana miaka 90.” Na akikosekana babu, huletwa Wamasai: “Mbona wale wanaishi kwa maziwa na nyama na hawaugui moyo?”

Hoja hii imeua watu wetu. Nitaijibu polepole.

Mwaka 1964 daktari Mmarekani aitwaye George Mann na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume wa Kimasai 400 wa hapa hapa kwetu, nchi ikiitwa Tanganyika. Kweli, chakula chao kikubwa kilikuwa maziwa na nyama. Kweli, lehemu yao ilikuwa chini na ugonjwa wa moyo haukuonekana kwao. Habari ile ilizunguka dunia, na mpaka leo wapenda mafuta wa kila taifa wanaishikilia. Lakini Mann hakuishia hapo. Mwaka 1972 alichapisha kazi nyingine, safari hii juu ya mioyo na mishipa mikuu ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Ilipopasuliwa, ukoga ulikuwamo. Kuta za mishipa ya moyo zilikuwa zimenenepa sawa na za wazee wa Marekani. Kilichowasaidia ni kwamba mishipa yao ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyokwenda, ikawa mipana kiasi cha damu kuendelea kupita. Mann akakisia kwamba upana ule waliupata kwa ukakamavu wa miili, kwa maisha ya kutembea na mifugo tangu utoto.

Someni tena maneno hayo, ninyi mnaoagiza nyongeza ya nyama ya mafuta kwa jina la Wamasai. Hata yule mchungaji aliyetembea kutwa nzima juani, ukoga ulimfikia. Alilipia kwa miguu yake. Wewe umelipia kwa nini? Unatoka nyumbani Ilazo kwa gari, unashuka mlangoni Mtumba, unakaa kwenye kiti mpaka saa tisa na nusu, unarudi kwa gari, jioni unakaa tena kwenye kiti cha plastiki mbele ya jiko la nyama. Safari ndefu uliyotembea leo ni kutoka mezani hadi msalani.

Na babu mwenyewe, mnamjua? Nyama aliila lini? Ng’ombe kwa Mgogo alikuwa mali, alikuwa mahari, alikuwa akiba ya mwaka wa njaa, na nyanda hizi zimeijua njaa. Hakuchinjwa kwa sababu ni Ijumaa na mshahara umeingia. Nyama ililiwa kwenye ngoma, kwenye jando, kwenye msiba, au ng’ombe alipokufa mwenyewe. Siku zote nyingine babu alikula ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda, akala kunde, njugu mawe, maboga, karanga chache, akafyonza ubuyu njiani. Maji aliyafuata mbali, shamba alililima kwa mkono. Sisi tumeichukua sikukuu ya babu tukaifanya ya kila siku, tukaziacha safari zake zote. Halafu huyo mmoja aliyefika 90 ndiye mnayemkumbuka kwa sababu mlimkuta. Wadogo zake waliokufa na miaka 50 bila kupimwa chochote, nani anawataja?

Mji wetu umebadilika haraka mno. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa kasi baada ya tangazo la 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Nashukuru kwa barabara, kwa hospitali, kwa chuo kikuu. Lakini pamoja na wizara zilikuja meza za kulia kila kona, na vibanda vya chipsi, na supu ya asubuhi, na posho za vikao. Mwili wa mtu wa nyanda za kati, ambao kwa vizazi ulizoea kutembea na kula mtama, umewekwa kwenye kiti na kumwagiwa mafuta ndani ya kizazi kimoja.

Nendeni mnadani Msalato mtazame kwa macho yenu. Mbavu zimepangwa juu ya moto, mafuta yanadondokea makaa, moshi unapanda. Mchomaji anazigeuza, anakata pande moja kwa kisu, analitupa kwenye ubao, anachanja vipande, anamimina chumvi pembeni na pilipili. Harufu yake sitaisema vibaya, ni nzuri. Mteja anasema: “Niwekee yenye mafuta, kavu sitaki.” Hapo ndipo ninapotaka kumshika mkono ndugu yangu. Nyama kula, lakini omba ile kavu. Chagua paja badala ya mbavu, mwambie aondoe utando wa mafuta kabla ya kuchoma, kula kiasi cha kiganja chako na si kilo mbili kwa watu wawili, jaza kachumbari. Na iwe siku moja moja, kama kwa babu.

Jaribuni na hili nyumbani. Acheni bakuli la supu ya kongoro lipoe usiku kucha. Asubuhi mtakuta tabaka jeupe limeganda juu, gumu la kukatwa kwa kijiko. Hayo ndiyo mafuta ninayoyasema. Ndani ya mishipa hayagandi hivyo, na nawaomba muelewe, kwa kuwa hapa ndipo uongo mwingi unapoingilia. Kazi yake mbaya huifanya kwenye ini. Ini lina milango ya kuzivuta LDL kutoka kwenye damu. Milango hiyo iligunduliwa na Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mafuta ya aina ile ya kuganda, yakizidi chakulani, huipunguza milango hiyo. Ini likiwa na milango michache, LDL hubaki barabarani, huzunguka, hukwama ukutani. Kwa hiyo anayekuambia unywe maji ya moto yenye limau ili “kuyeyusha mafuta” anakudanganya. Hakuna kilichoganda cha kuyeyushwa. Maji ya moto hayafungui mlango hata mmoja.

Wakristo wenzangu, fungueni Walawi sura ya saba. Humo wana wa Israeli walikatazwa kula mafuta ya ng’ombe, ya kondoo na ya mbuzi. Wanyama watatu, na wote watatu wanauzwa mnadani kwetu kila juma. Sheria ile ilikuwa ya madhabahu, sitaigeuza kuwa cheti cha daktari. Lakini mafuta yale yalihesabiwa kuwa sehemu ya Mungu, yakateketezwa juu ya madhabahu yake, na mwanadamu hakuruhusiwa kuyatia kinywani. Leo ndiyo sehemu tunayoigombania. Nanyi ndugu zangu Waislamu mnayajua mafundisho ya Mtume juu ya tumbo, kwamba theluthi iwe ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Nani kwenye futari za siku hizi bado ameacha nafasi ya pumzi?

Sasa mafuta ya kupikia. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa tunakaa juu ya hazina na hatuioni. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta kulima karanga, kwa sababu nchini kwao baada ya vita mafuta ya kula yalikuwa adimu. Ardhi ile ngumu na mvua ile haba viliwashinda, na 1951 mpango ukaachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Leo mkulima mdogo, kwenye nchi ile ile, anavuna alizeti. Katika mafuta ya alizeti, yale ya aina ya kuganda ni karibu sehemu moja tu kati ya kumi. Katika mawese ni karibu nusu. Katika samli ni zaidi ya nusu, na mafuta ya nazi ni zaidi ya sehemu nane kati ya kumi. Ukibadilisha chungu chako kutoka mafuta ya kuganda kwenda alizeti, LDL hushuka. Wala huhitaji dhahabu kwa hilo: dumu za njano zimepangwa kando ya barabara kuu ukielekea Singida.

Lakini, mama, usiniambie “natumia alizeti” halafu mboga inaelea. Alizeti nayo inanenepesha. Pima kwa kijiko, usimimine kwa mdomo wa dumu. Na msidanganywe na maandishi ya chupa yanayojisifu kwamba mafuta haya hayana kolesteroli. Hakuna mmea wenye kolesteroli ya kuhesabika, iwe alizeti, iwe mawese, iwe nazi. Uliza mafuta hayo ni ya aina gani, hilo ndilo la maana. Yaogopeni zaidi ya yote yale mafuta ya majimaji yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni, yanayofichwa ndani ya baadhi ya siagi za bandia, keki na biskuti. Hayo hupandisha LDL na kushusha HDL kwa pamoja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula. Na ninyi wakaanga chipsi, nawaomba kwa jina la watoto mnaowauzia wakitoka shule: karai likishageuka jeusi na kutoa povu na moshi, mafuta hayo yameharibika. Yamwageni.

Mayai nayo yanasingiziwa kupita kiasi. Yai moja kwa siku si adui wa mtu mzima asiye na kisukari wala lehemu ya kurithi. Adui ni yai lile lililozama kwenye sahani ya chipsi yenye mafuta.

Danieli na wenzake watatu, wakiwa vijana katika jumba la mfalme wa Babeli, waliletewa chakula cha mfalme, wakaomba wapewe mtama na maji. Mtama! Zao la Dodoma, linalostahimili ukame, ambalo kijana wa siku hizi anaona aibu kulitaja mbele ya wageni. Rudini kwenye mtama na uwele usiokobolewa. Rudini kwenye kunde, choroko, mbaazi na maharage. Rudini kwenye mlenda, ambao watu wa mikoa mingine walitucheka kwa ajili yake. Ule utelezi wake, kama wa bamia, ni nyuzi laini zinazoyeyuka majini. Nyuzi za namna hiyo, zilizomo pia kwenye maharage na shayiri, hunasa asidi za nyongo tumboni na kutoka nazo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni lehemu, hivyo huivuta kutoka kwenye damu. Utafiti ule wa 2012 ulionyesha kwamba watu 97 kati ya 100 hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha. Katika nchi yenye ubuyu, mapapai na mapera! Katika mkoa wenye zabibu za Makutupora na Hombolo! Kuleni zabibu zenyewe, wala msijitetee kwamba mvinyo unasafisha mishipa. Pombe huongeza mafuta ya aina nyingine katika damu, yanayoitwa trigliseridi.

Tembeeni pia. Dakika 30 za mwendo wa haraka, siku tano kwa juma, mwendo wa kukufanya uhemehe lakini uweze kuongea. Sigara zimeni leo. Moshi huumiza ukuta wa mshipa na kushusha HDL.

Haya yote mkiyafanya bila kupima, mnatembea gizani. Kila aliyefika miaka 40 apimwe. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo, mvutaji wa sigara, na anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI asingoje miaka 40. Msiseme “mimi ni mwembamba.” Wembamba hauzuii, na nimewaona wanene wenye majibu mazuri na wembamba wenye majibu ya kutisha. Ombeni kipimo kamili cha mafuta ya damu, si ile jumla peke yake, maana jumla inachanganya nzuri na mbaya. Maabara nyingi zitakuambia usile kwa saa 8 hadi 12; maji ruhusa. Majibu yakitoka, usiridhike na mtu kukwambia “uko poa.” Dai karatasi. Tazama kwanza kipimo kilichotumika: milimoli kwa lita, au miligramu kwa desilita. Jumla ya 5.0 kwa kipimo cha kwanza ni 193 kwa cha pili, ni kitu kile kile. Wapo waliotishika bure na wapo waliopumua bure kwa kutolijua hili. Kwa mtu asiye na hatari nyingine, jumla iwe chini ya 5.0 na LDL chini ya 3.0. HDL iwe juu ya 1.0 kwa mwanamume na 1.2 kwa mwanamke. Trigliseridi ziwe chini ya 1.7. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha mshipa kuziba huhitaji LDL ya chini zaidi; miongozo ya Ulaya ya 2019 inataka iwe chini ya 1.4. Huyo asijilinganishe na jirani.

Na daktari akikuandikia dawa, meza.

Nasema meza, kwa kuwa hapa ndipo watu wa imani wanapojikwaa. Dawa za kundi la statini zilitokana na ukungu wa mchele. Mjapani Akira Endo, aliyefariki mwaka 2024, alipekua zaidi ya aina 6,000 za vimelea vya ukungu na mfano wake, akapata kimoja kwenye mchele wa Kyoto kinacholizuia ini kutengeneza lehemu. Ini likikosa lehemu yake, huongeza milango ile na kuivuta iliyo kwenye damu. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya wagonjwa wa moyo 4,444 wa nchi za Skandinavia. Nusu walipewa simvastatini, nusu kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Waliokosa dawa walikufa 256. Waliopewa walikufa 182. Tofauti hiyo ni watu 74 waliorudi nyumbani kwao. Mwambie mke wa mmoja wao kwamba dawa za hospitali ni biashara tu.

Dawa hii inafanya kazi siku unayoimeza. Ukimeza miezi mitatu, ukapima, ukafurahi kwamba LDL imeshuka, ukaacha, itapanda tena hadi ilipokuwa. Kushuka kule ni dawa iliyokuwa inafanya kazi, hukupona. Misuli ikiuma, rudi kwa daktari. Anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi na misuli imelegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwanamke mjamzito au anayetarajia kubeba mimba aseme kabla ya kuandikiwa. Balungi lisiliwe kwa wingi na simvastatini wala atovastatini. Madhara makubwa yapo, lakini ni nadra. Mshtuko wa moyo si nadra.

Nanyi mnaopita stendi na minadani na vipaza sauti, mkiuza chupa za “kusafisha mishipa,” namwogopea kila aliyewapa fedha yake ya dawa. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri, mlonge ni mboga nzuri. Hakuna hata kimoja kilichopimwa kwa maelfu ya wagonjwa na kuonyesha kwamba kinazuia vifo kama nilivyowasimulia. Msimwachishe mtu vidonge. Na mwenzangu unayehubiri, ukimwekea mgonjwa mikono, mwombee, kisha umwambie aendelee kumeza dawa zake. Kamati za harusi, za kipaimara, za Maulidi: wekeni kunde na matunda mezani kwanza, nyama ifuate.

Nimebakiza kundi moja, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Wapo watu, takriban mmoja kati ya 250 hadi 300 duniani, waliozaliwa na lehemu ya kurithi. Milango ya ini lao ina kasoro tangu tumboni mwa mama. Hawa wanaweza kula mlenda na mtama kila siku na bado LDL yao ikapita 5. Mazoezi hayawatoshi, wanahitaji dawa, na mapema. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuirithi, wa kike na wa kiume sawa. Kama baba yako, kaka yako au mjomba wako alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama yako, dada yako au shangazi yako kabla ya 65, acheni kumtafuta mchawi wa ukoo. Kaeni kikao, wekeni tarehe, nendeni pamoja nyote mliozaliwa tumbo moja, na watoto wenu wa kuanzia miaka 10. Akipatikana mmoja mwenye majibu ya juu, awapigie simu siku hiyo hiyo walioko Dar es Salaam, Mwanza na popote, awasomee namba ya LDL kama ilivyoandikwa kwenye karatasi, nao wapimwe kabla mwezi haujaisha.